Kufundisha Mzunguko wa Kaboni kwa Mfano wa Planktoni: Mchanuo wa Majira ya Kuchipua katika Atlantiki ya Kaskazini

Utangulizi

Mzunguko wa kaboni ni mada ambayo aghalabu hufundishwa kwa kuchora ubaoni mti, ng'ombe na mishale michache. Mti huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, ng'ombe hula majani, kisha wote wawili hupumua na kuirudisha hewani. Mchoro huo si wa uongo, lakini una kasoro mbili. Kwanza, humfanya mtoto aamini kwamba kazi yote hiyo hufanyika nchi kavu, hali karibu nusu ya chakula kinachotengenezwa na mimea ya dunia nzima hutengenezwa baharini. Pili, mti huishi miaka mingi. Kaboni iliyoingia leo katika shina lake huenda isitoke mpaka mwalimu amestaafu. Kwa hiyo mwanafunzi huambiwa kwamba kuna mzunguko, lakini haoni kitu kikizunguka.

Makala haya yanapendekeza mfano mwingine, ambao mzunguko wake wote hutimia kwa majuma machache. Mfano huo ni mchanuo wa planktoni utokeao kila mwaka katika Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini wakati wa majira ya kuchipua. Sehemu ya kwanza inampa mwanachuo maarifa ya kutosha kuhusu jambo lenyewe; sehemu ya pili inaonyesha namna ya kulifundisha darasani kwa vifaa vinavyopatikana bila gharama kubwa. Mwanachuo asidhani kwamba sehemu ya kwanza ni ya ziada. Mwalimu anayejua kiasi kile kile anachokifundisha huogopa maswali ya watoto, na darasa ambalo maswali yake yanaogopwa halijifunzi sayansi.

Planktoni ni nini?

Jina planktoni lilianza kutumiwa mwaka 1887 na mwanasayansi wa Kijerumani Victor Hensen, wa Kiel. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kitangatangacho. Planktoni ni jumla ya viumbe wote waishio majini ambao hawana nguvu ya kushindana na mkondo, bali huchukuliwa nao. Katika jumuiya hiyo tunaweza kutofautisha makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza ni fitoplanktoni, yaani vimea vidogo vyenye klorofili. Vingi haviwezi kuonekana bila hadubini. Miongoni mwao ni diatomu, ambazo kila moja hujijengea ganda la silika lililo kama kisanduku cha kioo chenye kifuniko. Kundi la pili ni zooplanktoni, yaani wanyama walao vimea hivyo au walao wenzao. Maarufu kuliko wote katika Atlantiki ya Kaskazini ni kopepodi aitwaye Calanus finmarchicus, mdudu wa maji wa jamii ya kamba, mwenye urefu wa milimita chache tu. Kundi la tatu ni bakteria, ambao hula vitu vilivyoyeyuka majini na mabaki ya viumbe wengine.

Vimea vya bahari vikipimwa vyote pamoja, kaboni iliyomo katika miili yao haifikii hata sehemu moja ya mia ya kaboni iliyomo katika mimea yote ya dunia. Hata hivyo hufanya karibu nusu ya kazi ya usanisinuru. Yawezekanaje? Jibu ni kwamba kimea kimoja huweza kujigawa na kuwa viwili kwa muda wa siku moja hivi, na upesi vilevile huliwa au kufa. Msitu ni ghala. Planktoni ni duka dogo ambalo bidhaa zake huingia asubuhi na kuuzwa jioni.

Kaboni iliyomo ndani ya maji

Kabonidayoksaidi ikiingia baharini huyeyuka, na sehemu kubwa yake huungana na maji na kugeuka kuwa baikaboneti. Takriban sehemu tisa kwa kumi za kaboni hiyo iliyoyeyuka huwa katika hali ya baikaboneti; sehemu kama moja ya mia tu hubaki kuwa kabonidayoksaidi yenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kaboni ya namna hii takriban gramu 25.

Basi kimea kikitaka kaboni, ghala limejaa. Lakini mwili haujengwi kwa kaboni peke yake. Mwanasayansi wa Marekani Alfred Redfield alianza mwaka 1934 kueleza kwamba planktoni wa baharini wana uwiano usiobadilika sana wa elementi katika miili yao. Uwiano huo, kama ulivyokuja kukubalika, ni atomu 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Kwa uzito ni kama gramu 41 za kaboni kwa gramu 7 za naitrojeni na gramu 1 ya fosforasi.

Hebu tufanye hesabu. Tuchukue mita moja ya ujazo ya maji ambayo, mwishoni mwa majira ya baridi, ina miligramu 84 za naitrojeni katika hali ya naitreti. Vimea vikiitumia yote, vitahitaji kaboni kiasi gani? Tunagawanya 84 kwa 7, tunapata 12; tunazidisha 12 kwa 41, tunapata miligramu 492, yaani karibu nusu gramu. Ghala lilikuwa na gramu 25. Naitreti imekwisha kabisa, lakini kaboni imepungua kwa sehemu moja tu katika hamsini. Kwa hiyo kinachoweka mpaka wa mchanuo si kaboni. Ni mbolea, na kabla ya mbolea ni mwanga.

Kwa nini mchanuo hutokea majira ya kuchipua?

Katika latitudo za juu za Atlantiki, majira ya baridi huwa na siku fupi na jua hafifu. Dhoruba huyavuruga maji hadi kina cha mamia ya mita. Mvurugo huo una faida, kwa kuwa huyaleta juu maji ya chini yenye naitreti, fosfeti na silika. Lakini una hasara pia, kwa kuwa kimea kilichokuwa juu huvutwa chini gizani, nacho hakina mapezi ya kurudia juu. Ni sawa na shamba lenye samadi tele lililofungiwa ndani ya ghala lisilo na dirisha.

Majira ya kuchipua yafikapo, siku hurefuka, upepo hupungua na jua hupasha joto maji ya juu. Maji yenye joto ni mepesi, hivyo hukaa juu ya maji baridi kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Vimea vilivyomo katika tabaka hilo havishuki tena gizani. Hukaa katika mwanga, na mbolea iliyoletwa na dhoruba ingali pale pale.

Mwaka 1953 mwanasayansi wa Norwei, Harald Sverdrup, alieleza jambo hili kwa njia ya mizania. Kimea, alisema, kina mapato na matumizi. Mapato yake ni kaboni inayopatikana kwa usanisinuru, nayo hupatikana karibu na uso wa maji tu, na mchana tu. Matumizi yake ni kaboni inayoungua kwa kupumua, nayo hutumika mahali popote, mchana na usiku. Maji yakivurugwa hadi kina kikubwa mno, matumizi hushinda mapato na vimea hupungua. Kina cha mvurugo kikipungua kupita kiwango fulani, mapato hushinda na mchanuo huanza. Kiwango hicho ndicho alichokiita kina cha hatari.

Mwanachuo aelewe kwamba maelezo ya Sverdrup hayakuwa mwisho wa mjadala. Mwaka 2010 Michael Behrenfeld wa Marekani, akitumia vipimo vya rangi ya bahari vilivyochukuliwa kutoka kwenye setilaiti, alionyesha kwamba ongezeko la vimea huanza katikati ya majira ya baridi, wakati mvurugo ungali mkubwa. Maelezo yake ni kwamba mvurugo huo huwatawanya vimea na walaji wao katika maji mengi, hata mlaji hukutana na chakula chake kwa shida. Hivyo vimea hupata nafasi ya kuzidi. Mjadala huu una funzo kwa mwalimu. Katika sayansi, maelezo yaliyokaa nusu karne hayaheshimiwi kwa uzee wake, bali huulizwa upya kila kifaa kipya cha kupimia kinapopatikana.

Kaboni hutumiwaje? Hatua tatu

Hatua ya kwanza: ujenzi. Mwanzoni mwa mchanuo mbolea ni nyingi. Kwa kawaida diatomu hutangulia, kwa sababu hukua upesi mahali penye mbolea na silika ya kutosha. Kimea kimoja kikijigawa mara moja kwa siku, baada ya siku kumi kitakuwa vimea 1,024. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba hujaa kwa kuzidisha na si kwa kujumlisha. Katika hatua hii kaboni na naitrojeni huchukuliwa kwa uwiano unaokaribia ule wa Redfield, nayo hutumika zaidi kujenga protini na seli mpya. Kabonidayoksaidi iliyoyeyuka katika maji ya juu hupungua, na hewa ya juu ya bahari huanza kuingia majini kujaza pengo hilo.

Hatua ya pili: upungufu. Naitreti au silika huanza kwisha. Lakini jua linaendelea kuwaka, na kaboni ingali tele. Kimea kilicho katika hali hiyo hufanana na fundi mwenye mbao nyingi asiye na misumari. Huendelea kukamata kaboni, lakini hakiwezi kutengeneza protini. Hutengeneza sukari na mafuta, na sehemu ya sukari hizo hutoka nje ya seli. Ndiyo maana watafiti wameona mara nyingi kwamba kaboni iliyotoweka katika maji wakati wa mchanuo huzidi ile ambayo hesabu ya naitreti ingetabiri. Baadhi ya sukari hizo hunata. Hugandamanisha seli, maganda na vinyesi kuwa mabonge madogo meupe ambayo wanasayansi huyaita theluji ya bahari.

Hatua ya tatu: mgawanyo. Sasa kaboni iliyokamatwa hugawanyika katika njia nne. Njia ya kwanza ni upumuaji wa vimea vyenyewe. Njia ya pili ni kuliwa. Kopepodi waliokuwa wamelala katika kina cha mamia ya mita tangu majira ya baridi hupanda juu, hula na kuzaa. Watoto wao hujiwekea akiba ya mafuta kabla ya kushuka tena, na samaki kama heringi hunenepa kwa kuwala. Njia ya tatu ni ya bakteria, ambao hula ile kaboni iliyoyeyuka. Mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake walionyesha umuhimu wa njia hii: bakteria huliwa na viumbe wa seli moja, nao huliwa na wakubwa wao, hivyo sehemu ya kaboni iliyodhaniwa kuwa imepotea hurudi katika msururu wa chakula. Hata hivyo sehemu kubwa hupumuliwa njiani. Njia ya nne ni kuzama. Mabonge ya theluji ya bahari hushuka makumi hadi mamia ya mita kwa siku. Mwaka 1983 watafiti wa Uingereza walichapisha ushahidi kwamba mabaki ya vimea vya mchanuo huifikia sakafu ya bahari kusini-magharibi ya Ireland, mahali penye kina cha maelfu ya mita, majuma machache tu baada ya mchanuo wenyewe.

Tofauti baina ya njia hizi si ndogo. Kaboni inayopumuliwa karibu na uso wa maji huweza kurudi hewani upesi. Kaboni inayopumuliwa na bakteria wa kilindini hukaa huko miaka mingi, pengine karne kadhaa, mpaka mikondo iyarudishe maji hayo juu. Kazi hiyo ya kuishusha kaboni huitwa pampu ya kibiolojia. Lau kama isingekuwapo, kabonidayoksaidi iliyomo hewani ingekuwa nyingi zaidi sana kuliko ilivyo.

Vipimo vimepatikanaje?

Watoto wana haki ya kuuliza, "Wamejuaje?" Mwaka 1927 Gaarder na Gran wa Norwei walichapisha njia ya chupa mbili. Maji ya bahari yenye planktoni hutiwa katika chupa mbili, moja inayopitisha mwanga na nyingine ya giza, na oksijeni hupimwa mwanzo na mwisho. Tuseme mwanzoni kila lita ilikuwa na miligramu 8 za oksijeni. Baada ya siku moja chupa ya giza ina 7, na chupa ya mwanga ina 10. Katika giza kulikuwa na kupumua tu, kwa hiyo upumuaji umetumia 1. Katika mwanga kumebaki ziada ya 2 baada ya kupumua. Basi jumla ya oksijeni iliyotengenezwa ni 3. Kwa kuwa gramu 32 za oksijeni hulingana na gramu 12 za kaboni, kaboni iliyokamatwa ni kama miligramu 1.1 kwa kila lita.

Mwaka 1952 Einer Steemann Nielsen wa Denmark alieleza njia nyingine, ya kutumia kaboni yenye mnururisho, ambayo huweza kupima hata usanisinuru ulio mdogo sana. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1989 meli za utafiti za mataifa kadhaa zilikutana katika Atlantiki ya Kaskazini kupima mchanuo mmoja kwa pamoja, na mojawapo ya vituo vyao kilikuwa latitudo 47 Kaskazini na longitudo 20 Magharibi. Huko walifuatilia naitreti na kabonidayoksaidi zikipungua pamoja katika maji ya juu kadiri vimea vilivyoongezeka.

Na kwetu je?

Mwanafunzi wa Kigoma au Bujumbura atauliza kwa nini asome habari za bahari ya mbali. Ni vema aelezwe kwamba kanuni ni zile zile, ila kinachokosekana ni kingine. Karibu na ikweta jua halikosekani mwaka mzima. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, mbolea imezama chini, na maji ya juu yenye joto huizuia isipande. Upepo wa kusini-mashariki uvumapo, takriban tangu Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea hupanda, hasa upande wa kusini wa ziwa. Ndipo vimea hustawi, zooplanktoni huongezeka, na dagaa hupata chakula.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza isotopu za kaboni katika mashapo ya ziwa hilo. Walikadiria kwamba uzalishaji wa vimea ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, kwa sababu maji ya juu yalizidi kupata joto, na mvurugo ulioleta mbolea ulidhoofika. Kwa hiyo mada hii inahusu sahani ya mtoto anayeketi mbele yako. Asiyejua kaboni inavyopita majini hawezi kuelewa kwa nini nyavu zinaweza kurudi nyepesi hata mahali ambapo hakuna aliyezidisha uvuvi.

Namna ya kufundisha

Zoezi la kwanza: mchanuo katika chupa. Madhumuni yake ni kuonyesha kwamba vimea vya majini huhitaji mwanga na mbolea kwa pamoja. Vifaa ni chupa tatu za kioo au plastiki zisizo na rangi, kikombe cha maji ya kijani kutoka bwawani, maji ya mvua au ya kisima, mbolea ya chumvichumvi, kitambaa cheusi na karatasi nyeupe.

Tahadhari: maji ya bwawa huweza kuwa na kichocho. Mwalimu ayateke mwenyewe kwa ndoo yenye kamba bila kuingia majini, na wanafunzi wasiyaguse kwa mikono mitupu. Maji ya bomba yenye dawa yasitumiwe kabla ya kuachwa wazi siku mbili.

Hatua ni hizi. Zijazwe chupa zote maji safi, na kila moja iongezwe kiasi sawa cha maji ya bwawa. Chupa A itiwe punje chache za mbolea na kuwekwa dirishani. Chupa B iwekwe dirishani bila mbolea. Chupa C itiwe mbolea sawa na ya A, kisha ifunikwe kwa kitambaa cheusi. Vifuniko visikazwe. Kila siku kwa muda wa majuma mawili wanafunzi waweke karatasi nyeupe nyuma ya kila chupa, walinganishe rangi na kuandika katika jedwali. Kabla ya kuanza, kila kundi litabiri matokeo na kueleza sababu. Utabiri uandikwe, usifutwe.

Kwa kawaida chupa A ndiyo itakayokuwa ya kijani kuliko nyingine. Hapo mwalimu asikimbilie kueleza. Aulize: C ina mbolea, kwa nini haikuchanua? B ina jua, imekosa nini? Ni chupa ipi inayofanana na Atlantiki wakati wa dhoruba za baridi? Ni ipi inayofanana na Ziwa Tanganyika kabla ya upepo? Baadaye chupa A ifunikwe juma moja. Rangi itafifia, na ukoko utatua chini. Huo ni mwisho wa mchanuo. Maji yamwagwe bustanini, mbali na kisima.

Zoezi la pili: mchezo wa punje 100. Wanafunzi wagawanywe katika makundi manne: vimea, bakteria, viumbe wa seli moja, na kopepodi. Pawe na vikapu viwili, kimoja kimeandikwa "maji ya juu" na kingine "kilindi". Kundi la vimea lipewe punje 100 za mahindi, kila moja ikiwa ni kipande cha kaboni.

Vimea viweke punje 20 katika kikapu cha maji ya juu, kwa ajili ya kupumua. Viwape bakteria 30 na kopepodi 40, na 10 zizame kilindini. Bakteria wapumue 20, na 10 zilizobaki wapewe viumbe wa seli moja. Hao wapumue 7, wawape kopepodi 3. Kopepodi sasa wana 43: wapumue 25, vinyesi 8 vizame, na 10 zibaki kuwa miili yao, chakula cha samaki. Wanafunzi wahesabu. Maji ya juu yana 72, kilindi kina 18, na miili ina 10. Jumla ni 100. Hakuna punje iliyopotea. Mwalimu awaambie waziwazi kwamba namba hizi zimechaguliwa kwa wepesi wa hesabu, wala si vipimo vya bahari fulani. Kisha aulize: vimea vikikosa naitreti na kutoa sukari zaidi, punje zipi zitaongezeka? Kopepodi wakichelewa kuamka, nini kitatokea?

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kusema kwamba mimea hupumua usiku tu. Hupumua saa zote. Mchana usanisinuru huuzidi upumuaji, ndipo tuone oksijeni ikitoka.

Kosa la pili ni kusema kwamba mbolea ni chakula cha mimea, bila kueleza zaidi. Mtoto huondoka akiamini kwamba mwili wa mmea umetoka katika mbolea. Hesabu ya gramu 41 kwa 7 kwa 1 itamsahihisha.

Kosa la tatu ni kusema kwamba planktoni watatuondolea moshi wote wa viwanda na magari. Kabla ya zama za viwanda kabonidayoksaidi hewani ilikuwa takriban sehemu 280 katika milioni; kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Bahari huchukua kama robo ya ile tunayoitoa kila mwaka, lakini hasa kwa sababu ikizidi hewani huyeyuka zaidi majini. Mchanuo ulikuwapo kabla ya viwanda. Kama tulivyoona, hauna mpaka wa kaboni bali wa mbolea na mwanga, kwa hiyo kuongeza kaboni peke yake hakuukuzi kwa kiasi hicho hicho.

Kosa la nne ni kusifu kila maji ya kijani. Mbolea ikizidi ziwani au bwawani, vimea hujaa, hufa na kuoza. Bakteria wanaoviozesha humaliza oksijeni, na samaki hufa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini jumuiya ya planktoni yenye uzito mdogo huweza kufanya kazi kubwa ya usanisinuru.
2. Maji ya bahari yana miligramu 56 za naitrojeni katika mita moja ya ujazo. Kwa uwiano wa Redfield, vimea vikiitumia yote vitakamata kaboni kiasi gani?
3. Chupa ya giza imeshuka kutoka miligramu 9 za oksijeni hadi 7. Chupa ya mwanga imepanda hadi 12. Tafuta upumuaji, na jumla ya oksijeni iliyotengenezwa.
4. Linganisha maelezo ya Sverdrup na ya Behrenfeld. Ni kipimo gani ambacho kingekusaidia kuamua kati yao?
5. Tengeneza andalio la somo la dakika 40 ukitumia mchezo wa punje, kwa darasa lenye wanafunzi 60 na punje za mahindi tu.

Mwanachuo afanye swali la tano kwa bidii kuliko mengine, kisha alijaribu andalio lake mbele ya wenzake kabla ya mazoezi ya kufundisha. Punje zikihesabiwa mwishoni zisifike 100, asizifiche: awaache wanafunzi wazitafute wao wenyewe ilikopotelea kaboni. Kuitafuta huko ndiko somo lenyewe.